Mizuka ya Vioo vya Mistari

Nimeondoka kwenye benchi mwezi uliopita, na ninyi mliobaki mmeniomba niache maandishi kuhusu upimaji wa vioo vya mistari. Siku hizi vinakuja na karatasi ya kiwandani inayosema ni vizuri, nanyi mnaiamini karatasi. Nitaandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vya kwangu vingeenea kwenye mstari mmoja na nafasi ikabaki.

Kwanza mjue mlikuwa mnafanya kazi na mtu wa namna gani. Niliacha shule darasa la tano, kwetu Buhembe, kwa sababu mwalimu alinichapa nilipomuuliza mara ya tatu kwa nini kijiti ndani ya glasi ya maji huonekana kimevunjika. Nikaona afadhali nikatafute kwingine. Nilipakia magunia ya kahawa bandarini Bukoba, nikawa utingo wa lori la Muleba, nikashona kaptula kwenye baraza la fundi cherehani mmoja mjini, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, niliuza senene. Sikufukuzwa mahali popote. Nilikuwa nikishajua kazi inavyokwenda, miguu inaanza kuwasha.

Kwenye ghala la vifaa vya sayansi niliingia miaka michache baada ya Uhuru, mkoa ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Lilikuwa ghala lililopokea vifaa vya maabara na kuvigawa kwa shule za sekondari za Bukoba na Muleba. Nilipeleka sanduku pale kwa mkokoteni, nikakuta mzee ameinama juu ya mizani ndogo, anapuliza vumbi kwa bomba la mpira. Nikamuuliza kwa nini hafuti kwa kitambaa. Akaendelea kupuliza. Alipomaliza akasema, "Kesho uje saa moja. Na usije na kitambaa."

Huyo alikuwa Mzee Seif. Baba yake alitoka pwani na msafara, akaoa hapa. Mzee Seif mwenyewe alizaliwa Bukoba, akaoa Mhaya wa Kibeta, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hakuwa amesoma zaidi yangu, lakini alikuwa amefungua na kufunga kila chombo kilichopita katika mkoa, kuanzia saa za misheni hadi darubini za wapima ardhi.

Siku ya kwanza hakunipa ufagio. Alifunga madirisha na kushusha olubugo, ile nguo yetu ya gome la mti, juu ya kila moja. "Shuka hupitisha mwanga," alisema. "Hii haipitishi. Babu zenu walikuwa na akili, wakaitumia kuzikia watu." Akawasha taa ndogo ya spiriti, akaweka kwenye mwali kipande cha utambi kilicholowekwa maji ya chumvi. Mwali ukawa wa njano. Mbele yake akasimamisha bati lenye mwanya mwembamba kama uzi, kisha akaniwekea mbele ya jicho kipande cha kioo, akikishika kwa kingo tu.

"Unaona nini?"

"Mwanya wa njano, Mzee."

"Sogeza jicho pembeni."

Nikaona mwanya mwingine wa njano, hewani, mahali pasipo na taa. Kulia mmoja, kushoto mmoja, na mbali zaidi mingine hafifu. Nikanyoosha mkono kuushika. Mzee Seif akacheka hadi mwali ukatikisika.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Hilo ndilo swali. Ukipata jibu, uniambie na mimi."

Jibu tulilipata polepole, sehemu kwa vitabu vya Kiingereza ambavyo tulisaidiana kuvisoma neno kwa neno, sehemu kwa kuhangaika. Kioo kile kimekwaruzwa mistari maelfu kwa maelfu, iliyobanana kiasi kwamba kucha inaweza kufunika mingi kuliko nyuzi za shati zima. Mwanga ukipita katikati ya mistari hiyo hupinda, kila rangi kwa pembe yake. Mwali wa chumvi una karibu rangi moja tu, kwa hiyo unapata mstari mmoja safi. Taa ya kawaida inatoa upinde wa mvua mzima. Nilipojua hivyo sikulala kwa amani. Nilitazama taa kupitia bawa la senene, hakuna kitu. Nilitazama kupitia kitambaa cha mwavuli, nikaona nukta za rangi. Kwenye kilabu kimoja mjini niliinamisha santuri mbele ya dirisha mpaka mwenye nayo akadhani nataka kuiiba. Mifereji yake inatoa rangi ukiitazama kwa mshazari. Jaribuni.

Kupima ubora wa vioo hivyo ilikuwa hivi. Tulikuwa na spektromita moja, sahani ya chuma yenye digrii pembeni, katikati yake unasimamisha kioo, na kidarubini kinachozunguka ukingoni. Unaelekeza kidarubini kwenye mstari wa njano, unasoma pembe. Halafu unauangalia mstari wenyewe: je, ni mwembamba, na pembeni yake giza tupu, au una ukungu? Ukungu maana yake vumbi au mikwaruzo. Halafu unatoa lenzi ya jichoni, unaweka jicho tupu pale pale mwanga unapokusanyika. Hapo huoni mstari tena. Unaona uso wote wa kioo umewaka njano, kama uwanja unaopigwa jua. Kila mahali palipo na kasoro patakuwa peusi. Kipimo hiki cha pili watu wengi hukiruka kwa sababu kinachosha shingo. Msikiruke.

Sasa niseme kuhusu kreti.

Ilikuwa baada ya Azimio, wakati wa kujitegemea, vitu vya kutoka nje vikiwa shida. Kreti ilifika kwa meli, na ndani yake vioo vya mistari kumi na viwili, kila kimoja katika bahasha yenye namba. Vilikuwa vya mtihani wa vitendo wa mwisho wa mwaka. Havingeletwa vingine. Siku hiyo mchana nilikuwa nimekimbia chumbani kwangu Nshambya kula, nikarudi mbio ili nisikose kreti kufunguliwa. Mzee Seif alikuwa ameshaifungua na kwenda kuswali adhuhuri. Aliporudi alinikuta nimekaa kwa adabu, mikono magotini.

"Vidole vyako vina nini?" akauliza.

Vilikuwa vyeusi. "Grisi ya baiskeli, Mzee."

"Huna baiskeli."

"Ya jirani."

Alinitazama kidogo, akaenda kuandika namba za bahasha.

Kioo kimoja, namba tatu, tulikipeleka mapema Muleba, shule ya wasichana, kwa Mwalimu Kokugonza. Alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka ule, mtu wa maneno machache na kalamu nyingi. Baada ya wiki mbili akaandika barua, nakala kwa ofisi ya elimu: pembeni mwa kila mstari mkali kuna mistari miwili hafifu, mmoja kila upande, na wanafunzi wake wanauliza wapime upi. Kabla hatujajibu, mkaguzi akawa ameshafika.

Ndugu Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Aliweka kioo kimoja kwenye spektromita, akaona mistari ya ziada. Akaweka cha pili, akaiona tena. Kisha akatazama benchi letu. Palikuwa na chupa ya spiriti ya taa, na kando yake kitambaa cha kufutia benchi. Akainusa chupa.

"Mzee, hivi vioo vimefutwa kwa spiriti," alisema. "Juu pana utando laini. Spiriti inauyeyusha. Kila mtu anajua."

Mzee Seif akaichukua chupa, akaifunga kizibo.

"Umevifuta au hukuvifuta?"

"Ghala ni langu," Mzee Seif akajibu. "Kilichoharibika humu kimeharibikia mikononi mwangu."

Mkaguzi akaandika. Angerudi baada ya wiki mbili kuchukua maelezo ya maandishi, na kama maelezo ni hayo hayo, Mzee Seif angeondolewa kazini, na vioo vingerudishwa kama takataka. Shule zingefanya mtihani bila vioo. Alipotoka nilimgeukia Mzee.

"Mbona hukukataa? Hujawahi kufuta hata kimoja."

"Wewe nshomile wa darasa la tano," alisema, akitumia lile neno letu la msomi kunikejeli kama kawaida yake, ila safari hii hakucheka. "Andika tu maelezo. Mwandiko wako unasomeka."

Nilikataa kuandika. Badala yake nikashusha olubugo na kuanza kupima.

Nilipima vioo kumi na kimoja vilivyokuwapo, kila kimoja kwa mwali wa chumvi, nikichora kwenye karatasi nilichokiona. Siku ya kwanza nilidhani macho yangu yamechoka. Siku ya pili nikapanga michoro juu ya meza. Ulikuwa mchoro mmoja mara kumi na moja. Mstari mzito wa njano katikati, na mizuka miwili kando yake, umbali uleule, nguvu ileile, kulia sawa na kushoto. Tuliiita mizuka kwa sababu inatokea mahali pasipokuwa na kitu. Baadaye nilikuja kujua kwamba na Wazungu waliotangulia kuiona waliipa jina hilohilo, nikafurahi.

Nilimwonyesha Mzee Seif. Akatazama, akasema vizuri, akarudi kwenye mizani yake. Mtu anayetaka kuondolewa kazini nilikuwa sijamwona.

Nikapanda lori la kwenda Muleba kukiona kioo cha kumi na mbili. Mwalimu Kokugonza alinipokea kwenye maabara yenye meza mbili na bomba lisilo na maji.

"Karibu. Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ni wa kupuliza vumbi, Mwalimu."

"Basi puliza." Akanipa namba tatu.

Mizuka ilikuwepo, umbali uleule. Nikamweleza habari ya kitambaa na spiriti, na kwamba kuna mzee atapoteza kazi. Hakunipa pole. Alichukua kadi, akaziba nusu ya kioo.

"Tazama sasa."

Mstari ulififia, lakini mizuka ilikuwa palepale. Akaziba nusu nyingine. Palepale.

"Kasoro ya kitambaa ingekuwa upande mmoja," alisema. "Hii iko kila mahali kwenye kioo. Sasa tazama mstari wa pili, ule wa mbali zaidi."

Kule mstari mkuu ulikuwa hafifu, lakini mizuka, ukiilinganisha nao, ilikuwa imepata nguvu. Mwalimu alisema vumbi na ukungu havifanyi hivyo. Ila kinachofanya hivyo ni nini, alikiri kwamba kitabu chake kiliishia hapo.

Niliondoka nalo swali hilo nikiwa nimekaa juu ya magunia kwenye lori. Karibu na Kamachumu dereva alisimama kununua kitu, na kwenye baraza la duka palikuwa na cherehani inalia. Nikasikia. Tak-tak-tak-tak, kisha tak nzito kidogo, kisha tena tak-tak-tak-tak. Niliwahi kushona kwenye cherehani ya aina hiyo. Ilikuwa na gurudumu la meno ambalo jino moja limelika, na kila gurudumu likimaliza mzunguko, mshono mmoja unatoka mrefu kuliko wenzake. Fundi wangu alikuwa akiuita "mshono wa Jumapili". Ukivaa kaptula huuoni. Ukiiweka juani unauona, mbali kwa mbali, kwa vipimo vilivyo sawasawa.

Nikateremka na kwenda kuitazama mpaka mwenye cherehani akaniuliza kama nina suruali ya kushona. Mistari ya kwenye kioo haikuchorwa kwa mkono. Ilichorwa na mashine inayosukumwa na skrubu, na skrubu ikiwa na kasoro, kila ikizunguka mara moja inakosea mahali palepale. Kosa linalorudi kwa vipimo sawa ni mistari mingine mipana iliyolala juu ya mistari myembamba, nayo inapinda mwanga kwa pembe yake yenyewe. Vioo vyetu vyote kumi na viwili vilikuwa nakala zilizochapwa kutoka kioo kimoja kilichochorwa hivyo. Kitambaa hakiwezi kukosea namna moja mara kumi na mbili. Skrubu inaweza.

Lori lilikuwa limeondoka. Nilitembea hadi jioni, nikapata lingine.

Siku moja kabla ya mkaguzi kurudi, nilikuwa nimeandika kila kitu. Nikasema nimalizie kipimo cha pili, kile cha kuchosha shingo, ili maelezo yawe kamili. Nikatoa lenzi ya jichoni. Namba moja, uso wote njano. Namba mbili, njano. Nne, tano, sita, njano tupu. Namba saba ilikuwa na alama nyeusi chini upande wa kulia.

Ilikuwa dole gumba. Lilionekana na mizunguko yake yote, jeusi ndani ya njano, na kovu limekatiza katikati. Nikatazama dole gumba langu la kulia, ambalo niliwahi kulikata kwa mkasi wa fundi cherehani, nikaketi.

Lazima niwaeleze jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi. Mwanamume wa Kihaya hamenyi ndizi. Nilikuwa sina mke, dada zangu walikuwa mbali, na kula hotelini kila siku sikuweza. Kwa hiyo mchana nilifunga mlango wa chumba na kumenya ebitoke mwenyewe, kimyakimya, kama mtu anayechapa pesa bandia. Wanawake hupaka mikono mafuta kwanza ili utomvu usigande. Mimi nani angenifundisha? Utomvu ulikauka kwenye vidole ukawa mweusi, na sabuni haiutoi. Siku ya kreti nilikimbia nikiwa nimetoka kumenya. Mzee Seif alipokuwa msikitini nilifungua bahasha moja. Moja tu. Nilitaka kukiona dirishani. Utomvu uliingia kwenye mistari na kuiziba, na mistari iliyozibwa haipindi mwanga. Kwa macho ya kawaida kioo kilikuwa safi.

Nilikiweka mbele ya Mzee Seif. Hakuinama kutazama.

"Nilishakiona," alisema.

"Lini?"

"Kesho yake baada ya kreti. Nilivipima vyote kwa shingo, kabla yako."

"Ukajua ni mimi."

"Mke wangu anamenya ndizi kila siku, Deo. Nimeoa Kibeta. Utomvu nikiuona nisiujue?" Akapuliza mizani. "Mkaguzi aliposema vimefutwa, nikadhani amekiona hicho. Mistari yake ya pembeni sikuielewa. Mimi nimebakiza muda mdogo wa kazi. Wewe ukitoka hapa utakwenda kuuza senene."

Nikakirudisha kioo kwenye bahasha. Yeye akaongeza, "Sasa unalo jibu la skrubu. Nami nabaki na ghala. Kioo hicho kitupe ziwani, andika kilivunjika."

Mkaguzi alikuja asubuhi. Nilimkalisha kwenye kiti, nikashusha olubugo, nikamwonyesha mizuka, kadi, mstari wa pili, na michoro kumi na miwili. Nilimweleza cherehani. Alikuwa mtu wa haki. Alitazama kila kioo mwenyewe, hata machozi yakamtoka. Mwisho akafunga daftari lake.

"Basi kiwanda ndicho kilichokosea. Mzee, samahani." Akanigeukia. "Na wewe ndugu, una cheti gani?"

"Cha ubatizo."

Mzee Seif akakohoa. Mkaguzi akasimama kuondoka. Namba saba ilikuwa imesharudi mfukoni mwangu, ndani ya bahasha. Mizani ya Mzee ilikuwa imetulia, ziwa lilikuwa dakika kumi kwa miguu, na hakuna aliyeniuliza kitu.

"Kuna kimoja hujakitazama vizuri," nikasema, nikikisimamisha tena kwenye spektromita. "Toa lenzi ya jichoni."

Akatazama. "Dole la nani?"

Nikanyoosha mkono kwenye mwali wa njano, akaliona kovu.

"Nini kilikuwa mkononi mwako?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kukiri kioo. Pale mlangoni palikuwa na wapagazi wawili wa Nshambya wanasikiliza.

"Utomvu wa ndizi. Nilikuwa namenya."

"Waitu," mmoja wa wapagazi akasema taratibu, lile neno letu la heshima, kama mtu anayetoa rambirambi. "Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Mwaka mzima waliniita Mama Deo. Barua ya onyo ilikuja, nayo ilistahili. Vioo kumi na kimoja viligawiwa shuleni, na Mwalimu Kokugonza ndiye aliyeandika maelekezo yaliyoambatana navyo: pima mstari wa katikati, ya pembeni iache. Mtihani ukafanyika. Mzee Seif alifanya kazi mpaka mwisho wake halali, na siku ya kuondoka aliniachia bomba la mpira. Mke wake aliniletea mafuta kidogo kwenye kichupa. Alisema ni ya mikono.

Miguu yangu iliwasha mara nyingi baada ya hapo, na nimewahi kuondoka, Mwanza, Biharamulo, mara moja hadi Entebbe. Kila mara nilirudi kwenye benchi lile. Lilikuwa mahali pekee ambapo nikishajua kitu, kinazaa kingine.

Namba saba haikutupwa. Iko kwenye droo ya tatu, bahasha ni ileile. Kila aliyeanza kazi nami nimempa aitazame siku ya kwanza bila kumwambia chochote, nikamsubiri aseme anaona nini. Sasa mtakuwa mnaitoa ninyi. Ishikeni kwa kingo, na msiisafishe.